Kabla ya kutafuta mashine: kwa kijana wa Lubumbashi anayetaka kuitafiti saratani ya damu

Kila mwaka, matokeo ya vitivo vya tiba yanapotangazwa, vijana wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, miji ya kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), huniletea maswali yaleyale: niende nchi gani nikasomee epijenetiki ya saratani (elimu ya alama zinazoamua jeni zipi zifanye kazi), niombe ufadhili wapi, nijifunze kutumia mashine ipi? Ni maswali ya haki, nami nitayafikia. Lakini nimeitafiti saratani ya damu kwa zaidi ya miaka 20, sehemu yake Ulaya na sehemu kubwa hapa Katanga, na kila ninapotazama nyuma naona kwamba hatua zilizonifikisha mahali zilianzia kwenye kipande cha kioo chenye tone la damu, kwenye daftari lililoandikwa vizuri, na kwenye swali ambalo mtu wa hapa yuko karibu nalo kuliko mtu wa mahali pengine popote. Mashine zilikuja baadaye, na zilipokuja bila vitu hivyo vitatu hazikunisaidia.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa udaktari, katika mafunzo ya vitendo kwenye hospitali moja ya mjini, mama mmoja wa komuni ya Kenya alipomleta binti yake wa miaka 9. (Kenya ni komuni mojawapo ya Lubumbashi, msomaji wa mbali asidhani nazungumzia nchi.) Mtoto yule alikuwa amekwisha kutibiwa malaria mara tatu ndani ya miezi miwili. Homa ilishuka na kurudi, viganja vyake vilikuwa vimepauka, fizi zilitoka damu alipopiga mswaki, na mama alisema neno ambalo tangu siku ile nimelisikia kwa wazazi wengi: usiku mifupa inamuuma, analia hata akiguswa na shuka. Tulichukua damu. Fundi wa maabara, mzee aliyeifanya kazi ile tangu kabla sijazaliwa na ambaye sote tulimwita Papa, aliniita bila kuinua uso kutoka kwenye hadubini: "Dokta, kuya uone."

Niliona uwanja mzima umejaa chembe kubwa za mviringo zenye kiini kilichojaza karibu chembe nzima, ukingo mwembamba wa buluu pembeni, na ndani ya kiini doa moja au mawili yaliyofifia. Chembe nyekundu zilikuwa zimebaki chache, zimesukumwa kando. Vigandisha damu, vile vijidoa vidogo vya zambarau ambavyo katika damu ya mtu mzima wa afya huonekana kila unaposogeza kioo, nilivitafuta kwa dakika kadhaa nikaviona viwili. Kisha Papa alifungua sanduku la mbao akatoa kioo cha kipimo cha malaria cha mtoto huyohuyo, cha majuma matatu nyuma, ambacho kwa bahati kilikuwa hakijaoshwa ili kitumike tena. Kilikuwa tone nene la damu, ambamo chembe nyekundu hupasuliwa kusudi vimelea vionekane, lakini viini vya chembe nyeupe hubaki. Na vilikuwepo, vimesongamana kama watu sokoni.

Jambo hili bado linaniuma, na ndiyo sababu naliandika. Anayepima wingi wa vimelea vya malaria huvihesabu akivilinganisha na chembe nyeupe 200. Maana yake ni kwamba kila mara mtoto yule alipopimwa, kuna mtu aliyekuwa amefundishwa kuzihesabu chembe zilezile zilizokuwa zikimuua, na hakuna aliyemfundisha kuzitazama. Simlaumu mtu mmoja. Chumba kilikuwa na foleni ya wagonjwa 60 na hadubini moja. Binti yule alifariki siku ya 19, dawa zikiwa bado njiani. Moja ya dawa hizo, vinkristini, ilipatikana kutoka katika lile ua la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska linalopandwa mbele ya nyumba nyingi za mji huu, na imetumika tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Katika nchi tajiri, watoto wapatao 9 kati ya 10 wenye saratani ya damu ya aina ile, yaani ile ya ghafla ya chembe za limfu, hupona.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, mdogo wangu, ni huu: kabla hujaandika barua ya kuomba nafasi popote, kaa maabara miezi 6 ujifunze kutandaza damu. Weka tone dogo karibu na mwisho wa kioo, lisogelee kwa ukingo wa kioo cha pili ulioinamishwa nyuzi 30 hadi 45, subiri damu isambae kwenye ukingo, kisha sukuma mbele kwa mwendo mmoja usio na woga. Ukisitasita, utapata mawimbi. Ukifanya vizuri, mwisho wa utando utakuwa mwembamba kama ulimi, na hapo ndipo chembe hulala moja moja na kusomeka. Tandaza vioo 500. Hesabu chembe nyeupe kwa aina zake mpaka vidole vyako vijue. Nitaeleza baadaye kwa nini mtafiti wa epijenetiki asiyejua kazi hii hujidanganya, kwa sababu mimi mwenyewe nilijidanganya.

Kwanza niseme epijenetiki ni nini, maana wengi huitamani kwa jina lake. Neno hilo lilianzishwa na Conrad Waddington mwaka 1942, kabla hata umbo la DNA halijajulikana. Ninapowaeleza wanafunzi natumia kitabu cha nyimbo cha kanisani. Kila mwanakwaya ana kitabu kilekile, chenye nyimbo zilezile, lakini Jumapili hawaimbi kitabu chote. Ukutani kuna ubao wenye nambari, na nambari hizo ndizo huamua kinachoimbwa. Chembe ya ini na chembe ya damu zina DNA moja, ila ubao wa kila moja umeandikwa tofauti. Alama zinazoandikwa ni za kikemia: vifundo vidogo vya methili vinavyobandikwa juu ya DNA yenyewe, na alama nyingine kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA imejiviringisha juu yake. Kuna protini zinazoandika alama, kuna zinazofuta, na kuna zinazosoma.

Katika saratani, mara nyingi ubao umeandikwa vibaya. Mwaka 1983 Andrew Feinberg na Bert Vogelstein walionyesha kwamba DNA ya uvimbe wa saratani imepoteza sehemu ya alama za methili ikilinganishwa na nyama ya kawaida iliyo kando yake. Baadaye tukajua kwamba hasara hiyo huambatana na kosa la upande wa pili: jeni zinazopaswa kuzuia chembe isizaliane ovyo hufunikwa kwa methili na kunyamazishwa. Saratani ya damu ndiyo iliyotufundisha zaidi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni nyepesi: damu huchotwa kwa sindano, wakati uvimbe wa ubongo au kongosho unahitaji kisu. Ya pili ni kwamba katika saratani ya ghafla ya uboho, ile inayowapata zaidi watu wazima, mara nyingi jeni zinazoharibika ni zilezile za kuandika na kufuta alama. TET2, ambayo ni mfutaji, ilitambuliwa mwaka 2009. DNMT3A, ambayo ni mwandishi, mwaka 2010, na ilikutwa imeharibika kwa mgonjwa 1 kati ya 5 hivi. Mtu akikuuliza kwa nini tunaitafiti epijenetiki kupitia damu, mwambie kwamba ndipo ugonjwa wenyewe ulipotuonyesha mkono ulioshika chaki.

Tena ni sehemu ya saratani ambayo inaweza kurudishwa nyuma, kwa kuwa alama hufutika. Dawa ya azasitidini ilitengenezwa Prague katika miaka ya 1960 kama sumu ya kuua chembe. Mwaka 1980 Peter Jones na Shirley Taylor waliionyesha kuwa inazuia ubandikaji wa methili, baada ya kuona chembe za panya zilizopewa dawa hiyo zikigeuka kuwa chembe za msuli ndani ya sahani. Ilikubaliwa Marekani mwaka 2004 kwa wagonjwa ambao uboho wao umeanza kuharibika. Hesabu miaka hiyo vizuri, maana ndiyo kipimo cha subira ya kazi unayoitaka: kutoka kwenye kichupa cha kwanza hadi kwa mgonjwa, miaka 40.

Nataka uwafahamu watu wawili. Janet Rowley wa Chicago alifanya kazi siku tatu kwa juma huku akilea watoto wanne wa kiume. Alikata picha za kromosomu kwa mkasi na kuzipanga kwenye meza ya chakula nyumbani, na watoto wake walimtania kwamba anacheza na vikaragosi vya karatasi. Mwaka 1973, kwenye picha zile, aliona kwamba kile kikromosomu kifupi kilichokuwa kimegunduliwa mwaka 1960 katika mji wa Philadelphia kwa wagonjwa wa saratani sugu ya damu hakikuwa kimepoteza kipande. Kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Ugunduzi huo ndio uliozaa njia ya kwenda kwenye imatinibu, kidonge kilichokubaliwa mwaka 2001 na ambacho kimeugeuza ugonjwa ule wa kuua kuwa ugonjwa wa kuishi nao. Nawaambia hasa dada zangu mnaoambiwa kwamba ndoa na utafiti havikai nyumba moja: meza ile ilikuwa ya chakula.

Wa pili ni Wang Zhenyi wa Shanghai. Kuna aina ya saratani ya ghafla ya damu ambayo zamani iliua kwa siku chache, mgonjwa akivuja damu kila mahali. Wang hakutaka tu kuziua chembe mbovu. Alitaka kuzishawishi zikue, ziwe watu wazima, zife kwa wakati wake. Alitumia asidi ya vitamini A ya aina iliyokuwa ikitengenezwa Shanghai kwenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana, ilhali wenzake wa nchi za Magharibi walikuwa wakijaribu aina nyingine. Mwaka 1985 alimpa mtoto wa kike wa miaka 5 ambaye tiba ya kawaida ilikuwa imeshindwa, na mtoto akapata nafuu. Mwaka 1988 alichapisha habari za wagonjwa 24. Miaka kadhaa baadaye ndipo ilipoeleweka kwamba dawa ile ilikuwa ikiiondoa protini iliyokuwa imekaa juu ya jeni za ukuaji na kuzinyamazisha. Hiyo ni tiba ya epijenetiki, na ilianza kwa mgonjwa aliyekuwa kitandani na dawa iliyokuwa karibu.

Sasa kosa langu. Mwaka wa pili wa udaktari wangu wa falsafa, huko Ubelgiji, nililinganisha alama za methili katika damu ya wagonjwa na ya watu wenye afya. Tofauti zilikuwa kubwa, maelfu ya mahali kwenye DNA, na kwa miezi 4 nilitembea kama mtu aliyeokota almasi. Nilikwisha hata kuandika utangulizi wa makala. Siku ya kuwasilisha mbele ya wenzangu wa maabara, profesa aliyenisimamia aliuliza swali moja kwa sauti ya chini: "Katika sampuli hizi, neutrofili zilikuwa asilimia ngapi?" Sikujua. Hakuna aliyekuwa ameandika. Na jibu ndilo lililobomoa kila kitu, kwa sababu neutrofili na limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe, zina mbao tofauti kabisa. Mgonjwa mwenye maambukizi huwa na neutrofili nyingi, kwa hiyo nilichokuwa nimepima kwa mashine ya bei ya nyumba ni tofauti ambayo Papa angeiona kwa hadubini yake ndani ya dakika 10.

Siku hizi kuna hesabu za kukadiria mchanganyiko wa chembe kutoka kwenye data yenyewe, nazo ni nzuri, lakini zilitengenezwa kwa damu za watu wengine. Hapa kwetu mtu hubeba malaria, minyoo na upungufu wa damu kwa pamoja, na kila kimoja huvuta hesabu ya chembe upande wake. Usiache kamwe kutandaza kioo kwa kila sampuli unayoihifadhi. Gharama yake ni ndogo sana, na ndicho shahidi wako pekee siku ya kuulizwa.

Msiba wa pili uliniangukia hapa hapa nyumbani. Nilirudi nikakusanya sampuli kwa miaka miwili, nikazihifadhi kwenye friji la kugandisha la nyuzi 80 chini ya sifuri katika jengo la taasisi moja. Mwisho wa juma mmoja wa Novemba, mvua zikiwa zimeanza, umeme ulikatika Ijumaa jioni. Jenereta ilikuwepo, lakini mafuta yalikuwa yamekwisha na aliyekuwa na ufunguo wa ghala alikuwa amesafiri. Jumatatu asubuhi nilifungua mlango wa friji nikasikia maji. Barafu ilikuwa imeyeyuka, majina kwenye vichupa yalikuwa yamefutika, na vichupa vyenyewe vilielea kwenye sahani kama maharagwe. Nilikaa sakafuni. Sikulia kwa ajili ya makala. Nililia kwa sababu kila kichupa kilikuwa na mtu aliyenyoosha mkono wake akiniamini.

Tangu siku hiyo sitegemei friji peke yake. Kila damu ninayoichukua, matone machache huyadondosha kwenye karatasi ya chujio, nikayaacha yakauke kwa saa kadhaa mbali na jua na vumbi, kisha nikayafunga kwenye mfuko pamoja na vidonge vya kunyonya unyevu. Karatasi hiyo hukaa kabatini miaka mingi, na DNA yake husomeka, alama za methili zikiwemo. Usidhani ni njia ya maskini. Mwaka 1997 kundi la Mel Greaves nchini Uingereza lilichukua karatasi za damu ya kisigino zilizokuwa zimehifadhiwa tangu kuzaliwa kwa watoto ambao baadaye waliugua saratani ya damu wakiwa wachanga, na ndani ya matone yale makavu likakuta mchanganyiko wa jeni wa ugonjwa ule ule. Saratani ilikuwa imeanza tumboni mwa mama. Jambo kubwa kama hilo lilithibitishwa kwa kadi ambayo mtu mwingine angeitupa. Gawanya pia sampuli zako sehemu mbili, katika majengo mawili yasiyotegemea waya mmoja wa umeme. RNA, ile nakala ya muda ya jeni, huharibika haraka, kwa hiyo usijidanganye kuitafuta mahali ambapo baridi haina uhakika. Chagua swali linaloweza kujibiwa na DNA.

Nimefika kwenye swali lenyewe, na hapa naomba usome polepole. Kijana wa kwetu akienda Ulaya hupewa swali la wenyeji wake, hulijibu vizuri, hurudi na cheti, kisha hukaa akingoja mashine ileile ije Lubumbashi ili aendelee na swali lilelile. Huo ni upotevu. Sisi tunaishi juu ya maswali. Shaba na kobalti hutoka ardhini chini ya nyumba zetu, na pamoja navyo hutoka aseniki, risasi, kadimiamu na urani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha matokeo kutoka mtaa wa Kasulo huko Kolwezi, ambako watu walikuwa wakichimba kobalti katikati ya makazi: watoto wa mtaa ule walikuwa na kobalti nyingi mwilini na dalili za DNA kuharibika kuliko watoto wa mtaa wa jirani. Hilo ni swali lililoulizwa na watu wa hapa, kwa mkojo na damu ya watu wa hapa, na dunia ikasoma.

Fikiria aseniki peke yake. Vumbini ni sumu inayojulikana kuvuruga alama za methili. Hospitalini, tangu madaktari wa Harbin, China, walipoijaribu katika miaka ya 1970, ni dawa ambayo ikiunganishwa na ile asidi ya vitamini A huwaponya wengi wa wagonjwa wa aina ile aliyoitibu Wang. Mtu wa Katanga akiuliza aseniki ya vumbi inaandika nini kwenye uboho wa mchimbaji, hakuna anayeweza kumwambia kwamba ameiga.

Kuna na mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika shimo lile. Miaka michache baada ya mabomu yale, saratani ya kwanza kuongezeka miongoni mwa walionusurika Japani ilikuwa saratani ya damu, na watoto ndio waliopata madhara makubwa zaidi. Ufuatiliaji wa watu wale ndio umeipa dunia sehemu kubwa ya inachokijua kuhusu mionzi na uboho. Nikiwafundisha wanafunzi habari hii huwa natulia kidogo, kwa sababu baadhi ya mababu zao walibeba jiwe lile kwa mikono, na wao hakuna aliyewafuatilia.

Lakini swali zuri halikupi ruhusa ya kuchukua damu. Mara yangu ya kwanza kwenda kwa wachimbaji wa mikono nilikuwa na fomu ya kurasa 6 ya Kifaransa, iliyopitishwa na kamati ya maadili, na nikaanza kueleza jeni. Mzee mmoja aliyeketi juu ya gunia alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono yake kwenye suruali, akauliza: "Ile damu yetu mutapeleka wapi? Na majibu nani atatuletea?" Fomu yangu ilikuwa na jibu la swali la kwanza kwenye ukurasa wa 5, kwa maneno ambayo hata mimi niliyasoma mara mbili. La pili halikuwa na jibu. Nilirudi mjini, nikaiandika upya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ikisema sampuli itakaa wapi, nani anaweza kuitoa nchini na kwa mkataba gani, na mwezi gani tutarudi. Tuliporudi na majibu ya hesabu ya damu ya kila mtu, pamoja na barua ya kumwona daktari kwa wale wenye upungufu, yule mzee alituletea majirani zake 11.

Kuhusu mashine, nilisema nitafika. Sehemu kubwa ya data ya epijenetiki ya saratani ya damu iko wazi kwa yeyote. Mradi wa Marekani uitwao TCGA ulichapisha mwaka 2013 uchambuzi wa wagonjwa 200 wa saratani ya ghafla ya uboho, alama zao za methili zikiwemo, na data iliyochakatwa unaweza kuishusha ukiwa Lubumbashi, usiku, intaneti inapokuwa nafuu. Jifunze R, programu ya kuchambua data ambayo ni ya bure, kabla hujajifunza pipeti, kile kifaa cha maabara cha kunyonyea na kupimia matone. Maombi yangu ya kwanza ya nafasi Ulaya yalikataliwa mara tatu, na nilipokubaliwa ilikuwa kwa sababu niliambatanisha mchoro niliouchora mwenyewe kutoka kwenye data ya watu wengine. Na siku hizi kuna vifaa vidogo vya kusoma DNA, vya kiasi cha kiganja, vinavyoona methili moja kwa moja bila kuitibu DNA kwa bisalfaiti, kemikali ambayo enzi zetu ilikula usiku mzima na nusu ya sampuli. Wakati wa Ebola ya mashariki, mwaka 2018 hadi 2020, wataalamu wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, walisoma jeni za virusi ndani ya nchi hii hii. Ujuzi huo upo kwetu.

Ukipata nafasi ya kwenda nje, nenda. Nenda ukajifunze mbinu, lakini uwe na swali lako limeandikwa kwenye daftari kabla ya kupanda ndege, na umwambie msimamizi wako siku ya kwanza. Kiingereza utakihitaji kwa kuandika. Usiogope, sentensi fupi hutosha. Pesa za utafiti huja kwa anayeonekana kuwa na sampuli safi na washirika wa kweli. Leon Tshilolo wa Kinshasa alitangulia kuchapisha upimaji wa selimundu kwa watoto wachanga zaidi ya 31,000 mwaka 2009. Mwaka 2019 jina lake lilikuwa la kwanza kwenye utafiti wa nchi nne za Afrika ulioonyesha kwamba hidroksiyurea, dawa iliyozoeleka kwenye saratani ya damu, inawafaa watoto wenye selimundu katika mazingira yetu. Kati ya hatua hizo mbili kuna miaka 10 ya kazi ambayo hakuna gazeti lililoiandika.

Kama umesoma mpaka hapa na ungali unataka, Jumatatu nenda kwa mkuu wa maabara iliyo karibu nawe, umsalimie vizuri, umwombe saa mbili kila siku baada ya foleni kwisha na vioo vya malaria vilivyokwisha kusomwa kabla havijaoshwa. Vitazame tena, safari hii kwa ajili ya chembe nyeupe. Ukiona viini vimesongamana, mwite daktari siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Kwenye kila kioo andika tarehe, nambari ya mgonjwa na hesabu yako, na uandike kwa penseli, maana methanoli, kemikali ya kushikiza damu kwenye kioo, hufuta wino wa kalamu.